Chunusi ya Shaba

Vizibo kumi na vinne vilirudi Jumatatu asubuhi, kwenye mfuko uleule nilimovitia mwenyewe. Bwana Pampu alivimwaga juu ya meza yangu ya kazi, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono kama mtu aliyeleta habari mbaya na sasa anasubiri kutukanwa.

Hilo si jina lake, ni kazi yake. Anatengeneza pampu za visima, na kwa miaka minane mimi ndiye niliyemkerezea vizibo. Kizibo chenyewe ni kitu kidogo tu, kipande cha shaba cha mviringo, upana wake kama kifuniko cha soda, uso wake umenyooka. Kinakaa juu ya tundu ndani ya pampu. Maji yakipanda kinanyanyuka, yakitaka kurudi kinaziba. Uso usiponyooka, maji yanarudi kisimani, mwenye kisima anamfuata Bwana Pampu, na Bwana Pampu ananifuata mimi.

"Samahani, fundi," alisema. "Vinapitisha maji. Vyote."

"Haiwezekani."

"Pitisha kidole."

Nikachukua kimoja, nikapitisha kidole gumba. Katikati kabisa ya uso palikuwa na kinundu. Kidogo, lakini kipo.

"Chunusi," nilisema, na sikujua neno hilo nimelitoa wapi.

"Nilidhani ni kimoja kimenipita. Nikafunga cha pili, nikafunga cha tatu. Miaka minane sijawahi kukurudishia hata kimoja, fundi. Najua una msiba."

"Msiba na shaba havihusiani."

Akaangalia viatu vyake. Akaniambia ana watu wamekaa bila maji, atapita Alhamisi mchana, na vikigoma tena itabidi kazi aipeleke kwa yule wa mashine kubwa kule barabarani. "Usione vibaya, mzee wangu," alisema.

Ningepaswa kuona vibaya. Mimi ni mtu wa hasira, mtaa mzima unajua, hata muuza magazeti hupitia upande wa pili. Yule wa mashine kubwa hajui kushika hata koleo. Siku nyingine ningemfukuza Bwana Pampu na mfuko wake. Lakini nilimwambia tu, "Haya, Alhamisi," akaondoka amechanganyikiwa kuliko kama ningemfokea.

Tangu tumzike mke wangu ilikuwa wiki ya sita, na muda wote huo nilikuwa kama shavu lililopigwa sindano ya ganzi ya jino. Unaligusa, unajua ni lako, lakini halina habari na wewe. Siku ya maziko watu walinipigapiga begani wakisema mzee amejikaza. Sikujikaza. Niliangalia tu mchanga unavyoingia, nikawaza kwamba mpini wa beleshi la kufukia umelegea na mtu ataumia.

Karakana yangu ni chumba cha nyuma ya nyumba, kwa hiyo binti yangu mkubwa alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amechukua likizo kuja kukaa nami. Aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu akinihesabia matonge.

"Baba, kwani lazima uendelee?"

"Na nini?"

"Na hiyo mashine. Umeifanyia kazi vya kutosha. Njoo ukae kwetu, wajukuu zako watafurahi."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu, Baba."

Nilimwelewa vizuri. Nyumba yake ina sebule kubwa, ina kochi, na kochi lina kona. Ningewekwa pale kwenye kona, televisheni ikiwa imewashwa, na kila mpita njia akiniuliza kama nimekula. Mwilini mwangu kilichobaki kikifanya kazi ni mikono peke yake, na mikono hiyo ilitaka mashine. Nikamwambia, "Vizibo vikirudi tena Alhamisi, nitafunga karakana na nitakuja." Akasema sawa. Nikaona amefurahi, kisha akajionea haya kwa kufurahi.

Nililaumu visu, yale makali ya mashine yanayomenya shaba. Mafundi tukikwama tunaanza na visu, tunamalizia na umeme. Visu vyangu nilikuwa navyo siku nyingi, nimevinoa mpaka vimebaki vifupi kama penseli za watoto wa darasa la kwanza. Nilijiambia vimechoka. Jumanne nikaenda kwa Tisa.

Tisa tulijifunza kazi pamoja. Anaitwa Tisa kwa sababu mwaka wa pili wa mafunzo mashine ilimla kidole cha shahada, akabaki na vidole tisa, na jina akalipata kabla bandeji haijakauka. Baadaye aliacha kukereza akafungua duka la vifaa, dogo, limejaa rafu hadi darini, na mtu mnene hageuki humo ndani bila kuangusha kitu.

"Nipe tano, mzee," nilimwambia, kama ninavyomwambia kila mara.

"Nne zinakutosha," alijibu, na kunishika mkono. Aliushikilia kidogo zaidi ya kawaida. "Unaendeleaje?"

"Nataka visu."

Hakuuliza tena. Alinivutia kibweta kimoja baada ya kingine, akavipanga juu ya kaunta. Kulikuwa na visu vya haispidi, vyuma vya pembe nne visivyonolewa, unajinolea mwenyewe kwenye jiwe upendavyo. Kulikuwa na vya kabaidi, vile vyenye kipande cha chuma kigumu kilichochomelewa kwenye ncha. Na kulikuwa na vya kisasa, fimbo yenye kidonge kidogo cha kabaidi kinachofungwa kwa skrubu, upande mmoja ukiisha unakigeuza, ukiisha wote unakitupa.

"Nipe hivi vya vidonge," nilisema.

"Vya nini?"

"Vikali."

"Vikali kwenye mashine gani? Ile yako naweza kuibeba kwapani." Alichukua fimbo nene akainyanyua. "Hii ni milimita kumi na mbili. Kwako haikai, ncha itapita juu ya katikati ya shaba inayozunguka hata usipoweka kitu chini. Wewe ni wa milimita nane. Halafu kabaidi inataka mashine nzito, inayokimbia, isiyotikisika. Yako ikishtuka kidogo tu, kidonge kinamegeka. Na unakereza nini? Shaba. Shaba haitaki mambo makubwa. Haispidi, uso wa juu umenyooka, makali safi, basi."

"Ndivyo nilivyonavyo."

"Basi unataka nini hapa?"

Nikatoa kizibo mfukoni, nikakiweka kaunta. Tisa akavaa miwani, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakigeuzageuza kwenye vile vidole vyake.

"Hii si kazi ya kisu kibaya," alisema. "Hiki kisu kilikaa chini. Kimepita chini ya katikati, kikaacha kinundu. Hili hata mwanafunzi..."

"Mwanafunzi nani? Nimekereza miaka thelathini na nane, Tisa. Nakaza kisu usawa wa ncha ya nyuma ya mashine kila siku ya Mungu."

"Kwa macho?"

"Unataka nikaze kwa pua?"

Angecheka, nadhani, kama si msiba. Nilichukua haispidi mbili, kabaidi ya kuchomelewa moja, na fimbo nyembamba ya kidonge moja, kwa ukaidi tu, nikatoka bila kuaga.

Jumatano asubuhi nilivijaribu vyote. Kwenye mashine ya kukereza shaba inazunguka na kisu kimetulia. Unakipeleka polepole kutoka ukingoni kuja katikati, nacho kinamenya uso mzima. Kisu kikiwa usawa wa katikati, kinamaliza na uso unabaki kama kioo. Nilianza na haispidi niliyoinoa mwenyewe. Chunusi. Kabaidi ya kuchomelewa. Chunusi. Fimbo ya kidonge ilipiga kelele mpaka binti yangu akachungulia, kisha kidonge kikamegeka pembe kama Tisa alivyosema, na chunusi ikabaki vilevile. Nilizima mashine. Nilikaa nikiangalia vile vipande vitatu na sikuhuzunika. Nilianza tu kupanga kichwani nguo zipi nitapeleka kwa binti yangu.

Kabla ya saa nne Tisa akaingia. Alikuwa na kirula chembamba cha chuma kwenye mfuko wa shati.

"Sikuja kuuza," alisema. "Funga kisu. Funga unavyofunga siku zote, mimi sipo."

Nikafunga. Nilikisogeza kisu karibu na ncha ya nyuma, ile inayoelekea katikati ya mashine, nikainama nikalinganisha, nikachomeka vibati viwili chini yake ili kinyanyuke, nikakaza. Nikamwambia tayari. Tisa alifunga kipande cha shaba kwenye taya za mashine, akakipeleka kisu mpaka kikaribie kugusa, kisha akachomeka kile kirula katikati yao, kikabanwa kidogo kati ya ncha ya kisu na tumbo la shaba. Kisu kikiwa usawa, kirula kinasimama wima. Hiki kililala. Kichwa chake kikanijia mimi, waziwazi, kama mtu anayesinzia.

"Kiko chini," alisema Tisa.

"Naona."

"Sasa hivi unaona. Ile ncha ya nyuma unaionaje ukiinama?"

Nikainama. Niliona ncha. Chini yake kidogo niliona ncha nyingine, hafifu, na kwa muda mrefu nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ile ya chini ndiyo ya kweli. Sikumwambia. Hakuhitaji nimwambie.

"Ni macho, mzee. Ni jambo la miwani tu." Aliongeza kibati kimoja chembamba chini ya kisu, akakaza, akapima, kirula kikasimama wima. "Basi. Umepona. Nani kafa?"

Lilipomtoka hilo neno aliuma midomo. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Endelea tu," nilimwambia. Kweli halikuniuma.

Lakini Tisa hakuondoka. Alikuwa ameinamia ile ndoo ya mabaki iliyo chini ya meza yangu, ndoo kubwa, ninamotupa vishina vya shaba vinavyobaki mwisho wa kila kazi. Sijawahi kuimwaga. Alichukua kimoja cha juu, akapitisha kidole usoni, akakiweka. Akaingiza mkono katikati ya ndoo. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa vya chini kabisa, vyeusi kwa uzee.

"Hivi vya chini havina kitu, safi kabisa," alisema. "Hapa katikati imeanza, kidogo kidogo. Hivi vya juu nikivikalia nitaruka. Haya si mambo ya wiki sita. Hii ni miaka minne, mitano."

"Na kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vile vizibo vya Bwana Pampu, vya miaka yote hiyo. Hajawahi kurudisha hata kimoja. Vilitokaje humu ndani vikiwa safi?"

Nikachukua kimoja cha juu, nikapitisha kidole gumba. Chunusi.

Tisa aliangalia upande wa pili wa meza, kule mwisho, karibu na mlango, na mimi nikaangalia. Pale palikuwa na kigoda, na juu ya meza kitambaa kilichokunjwa mara nne. Hapo ndipo alipokuwa anakaa mke wangu mchana, kazi za nyumbani zikiisha. Nikimaliza kizibo ninakisukuma kuelekea kwake bila kugeuka, naye anakifuta mafuta na kukitia kwenye mfuko wa mteja. Hayo ndiyo niliyoyajua. Nilimsikia akisugua, nikadhani anaving'arisha, nikawaambia watu kwa kebehi kwamba kwangu hata vizibo vya pampu vinapakwa poda.

Tisa alikunjua kitambaa. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kioo cha dirisha, msasa laini umebandikwa juu yake, umelika katikati mpaka karatasi inaonekana, na tupa ndogo bapa yenye mpini wa kitambaa kilichosokotwa. Meno ya tupa yalikuwa yamejaa shaba. Ilikuwa ya njano tupu.

"Shemeji," alisema Tisa polepole, kama mtu anayesalimia.

Hapo nikakumbuka neno nimelitoa wapi. Siku moja, miaka ya nyuma, mke wangu alikuwa amesimama palepale, kizibo mkononi, na mteja mmoja amekaa pembeni anasubiri. "Mzee," aliniambia, "hiki kina chunusi katikati." Alisema kwa upole tu, hata alikuwa anatabasamu kwa hilo neno. Nami nilimgeukia mbele ya mteja, nikamwambia, "Kazi yako kufuta mafuta. Kukagua nani kakuomba?" Akasema, "Haya." Haya hiyo moja tu, na hakulisema tena neno lile maisha yake yote.

Nilimweleza Tisa. Sijui kwa nini. Alisikiliza, akakunja kitambaa mara nne kama alivyokikuta, akasema, "Alhamisi ni kesho. Kereza," akaenda zake dukani.

Nikakereza. Nilichagua haispidi, ile ya kawaida, uso wa juu umenyooka. Vile vingine niliviweka kando nimrudishie Tisa, pamoja na aibu ya kidonge kilichomegeka. Kila nilipokifunga kisu nilikipima kwa kirula. Vizibo vilitoka kimoja baada ya kingine, nyuso zimenyooka, na kila kilipotoka mkono wangu ulikisukuma kule mwisho wa meza bila kuniuliza. Vilifika kumi na vitatu. Vilikaa pale mbele ya kigoda vimejipanga, havihitaji kitu chochote kwa mtu yeyote.

Cha kumi na nne sikukipima. Nilitoa kile kibati cha Tisa chini ya kisu, nikainama, nikalinganisha kwa macho yangu haya haya, nikakaza. Kikatoka na chunusi yake.

Nikazima mashine, nikaenda kukaa kwenye kigoda. Ni kifupi, magoti yangu yalinifika kidevuni. Nilikishika kizibo kwa kidole gumba na cha shahada, nikaanza kupiga tupa pale katikati, taratibu, kwa sababu ukiteleza unauchubua uso mzima na kazi imeharibika. Kisha nikakiweka kifudifudi juu ya msasa, nikakizungusha, nikakiangalia, nikakizungusha tena. Ncha za vidole ziliota moto. Kilinichukua karibu nusu saa. Kizibo kimoja. Nilinyanyua shingo kupumzika, na ndipo nikaona kwamba ukikaa pale, nami nikiwa kazini, mashine huioni. Mwili wangu unaiziba. Miaka yote hiyo alikuwa anaona mgongo wangu.

Sikulia. Nilitamani kulia, na huko kutamani kwenyewe kulikuwa kitu kigeni, cha kwanza kwa wiki sita. Nikavitia vizibo vyote kwenye mfuko mmoja.

Bwana Pampu alifika Alhamisi kama alivyoahidi. Binti yangu alisimama mlangoni, ameshafunga kanga kiunoni kama mtu aliye tayari kupakia mizigo. Bwana Pampu hakutaka kunivunjia heshima kwa kupitisha kidole mbele yangu, lakini nilimwambia pitisha, pitisha vyote. Akapitisha. Kimoja, cha pili, cha tatu, uso wake ukilegea kidogo kidogo.

"Vizuri, fundi. Vimekaa." Akaendelea. "Vizuri." Alipofika kimoja akasita, akakirudia, akakipeleka penye mwanga. "Hiki hapa ndicho."

"Kina nini?"

"Hakina kitu. Hivi vingine ni vizuri, sina neno, vitaziba. Lakini hiki ni kama vile vya siku zote. Hiki kina mkono wako."

Nilishika ukingo wa meza.

"Huo si mkono wangu," nilimwambia. "Ni wa mke wangu. Vya siku zote alikuwa anavimaliza yeye. Mimi nilikuwa naviharibu, yeye anavitengeneza, na nilipoambiwa nilimfokea."

Binti yangu alikuja akanishika mkono. Bwana Pampu alivua kofia, akabaki na kile kizibo kiganjani, hajui akiweke wapi.

"Pole sana, mzee wangu," alisema, kama vile mtu amekufa leo asubuhi.

Na mimi nikalia hivyo hivyo, kama mtu aliyefiwa leo asubuhi.